Dakika Hamsini na Sita

Kwa miaka saba nilifundisha kwamba jua linafika utosini saa sita kamili mchana. Miaka yote saba hiyo jua lilikuwa juu ya kichwa changu, saa ilikuwa mkononi mwangu, na sikuwahi hata mara moja kuinua macho nikahakikisha. Nasema mapema ili mtu asije akanionea huruma mahali nisipostahili. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Nikishika kalamu nyekundu ndiyo basi tena, simsikilizi mtu.

Nimezaliwa Muleba, kwenye nyumba ya mfanyabiashara, Walutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili na kila kipindi cha kwaya. Nilipomaliza chuo nilipangiwa shule ya kata huku Isingiro, wilaya ya Kyerwa, nifundishe jiografia. Wiki ya kwanza nililia. Nimezoea migomba iliyosongamana hadi mlangoni, huku nikakuta majani matupu yanakwenda mpaka macho yanachoka, na ng'ombe wenye pembe ndefu wanaokatiza uwanja wa mpira bila kuomba ruhusa. Halafu kuna hili la asubuhi. Natoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, bado giza, natafuta njia kwa tochi ya simu. Nilikuwa nawaambia walimu wenzangu ofisini, "Jua la huku ni vivu, linaamka limechelewa." Wanacheka, nami nacheka. Mwalimu wa jiografia huyo!

Jibu lote lilikuwa humo humo kwenye mzaha wangu, na niliupita kila asubuhi nikiwa na tochi.

Sasa kwa asiyejua niseme kidogo, maana bila hili mengine hayaeleweki. Dunia inajizungusha yenyewe, mzunguko mmoja kwa saa ishirini na nne. Kwa hiyo kila saa inageuka nyuzi kumi na tano za longitudo, na kila uzi mmoja unachukua dakika nne. Aliye mashariki analiona jua kwanza, aliye magharibi analisubiri. Shule yetu ilikuwa na tufe moja la kufundishia, limefungiwa ofisini kwa mkuu wa shule, mhimili umevunjika. Nikatengeneza langu. Nilichukua mpira wa miguu uliotoboka, nikaujaza majani makavu ya migomba, nikachora mistari kwa wino, na Isingiro nikaiweka alama nyekundu. Nilikuwa nauzungusha mbele ya tochi na watoto wanaona usiku na mchana unavyohama. Nilijiona nafundisha kweli kweli.

Hesabu za longitudo nilikuwa nazipenda sana. Ikiwa Dar es Salaam ni saa sita mchana, Accra ni saa ngapi? Na Tokyo je? Walipiga Accra, walipiga Tokyo, walipiga mpaka miji ambayo mimi mwenyewe nisingeweza kuionyesha kwenye ramani bila kutafuta. Isingiro sikuwapa.

Binti ninayemzungumzia alikuwa kidato cha pili. Nyumbani kwao ni wafugaji, Wakatoliki, walikaa ng'ambo ya bonde upande wa Kimuli, mwendo wa saa nzima kwa mguu. Alikuwa mrefu, mkimya, sketi ya shule imeshushwa pindo mara mbili. Kiswahili chake kilikuwa cha kupima neno kwa neno, maana kwao walizungumza Kinyambo. Lakini alikuwa na tabia moja iliyonifanya nimpende kuliko wenzake: ukimwambia kitu, anakwenda kukitazama. Nilipofundisha mawingu, kesho yake aliniletea orodha ya mawingu aliyoyaona akitembea. Nilipofundisha udongo alikuja na mfuko wa rambo wenye aina tatu za udongo wa njiani, akaumwaga juu ya meza yangu, nikamfokea kwa uchafu na moyoni nikafurahi.

Mwishoni mwa Agosti niliwapa kazi ya nyumbani. Chomeka kijiti Jumamosi, pima kivuli chake kuanzia saa tatu mpaka saa tisa, andika ni saa ngapi kivuli kimekuwa kifupi kuliko vyote. Jumatatu nikakusanya madaftari zaidi ya hamsini. Wote waliandika saa sita. Wote! Wengine walikuwa wameandika namba za kubuni waziwazi, kivuli kinapungua sentimita kumi kamili kila saa, utadhani kinafuata amri. Nikawapa tiki. Nilijua wamebuni, ila jibu lilikuwa sahihi, nami nilikuwa nimechoka.

Daftari la yule binti lilikuwa la mwisho mwisho, na ndilo peke yake lililotofautiana. Jedwali safi, limepigwa rula, na chini yake ameandika: kivuli kifupi zaidi ni saa saba kasoro dakika nne. Sikugeuza ukurasa. Nikapiga mkasi mkubwa mwekundu, ile alama ya kukosa, nikaandika, "Siyo kweli. Rudia."

Niliporudisha madaftari alinyoosha mkono. "Madam, nilipima Jumamosi, na Jumapili tulipotoka misa nikapima tena. Nimetumia simu ya baba."

Darasa likaanza kucheka. Nami badala ya kuwanyamazisha, nikawaongezea. Ni kwamba huku tuko karibu na mpaka, na simu mara nyingi inashika mtandao wa Rwanda na kubadilisha saa yenyewe. Kila mtu wa Kyerwa ameshawahi kuchelewa kanisani kwa ajili hiyo. Nikasema, "Simu ya baba yako ilikuwa Kigali, binti, wewe ulikuwa hapa." Darasa likavunjika mbavu.

Hebu ona upumbavu wangu. Simu ikishika Rwanda saa inarudi nyuma, haiendi mbele. Ingekuwa imeshika Rwanda kweli, angeandika saa sita kasoro dakika nne, karibu sawa na wenzake. Kitu hicho ningekiona kwa kufikiri dakika moja, na dakika hiyo sikuitoa. Alikaa chini, akachukua kalamu, na kesho yake aliporudisha daftari alikuwa ameandika chini ya mkasi wangu, kwa mwandiko mdogo sana: saa sita. Nikatia tiki, nikaliweka kwenye rundo.

Wiki ile ile nikasikia kwamba baba yake anahama. Malisho yalikuwa yamekwisha, mvua zilikuwa bado, na yeye na ndugu zake walikuwa wameamua kupeleka ng'ombe Karagwe upande wa Nyakakika, na kutoka hapo mbele zaidi, popote penye majani. Familia nzima inakwenda. Nilimwita binti ofisini. Nikamwuliza, "Na wewe je?"

"Baba amesema atakuja shuleni aone. Akiona kuna kitu, nitabaki."

"Kitu gani?"

Akaangalia miguu yake. "Hakusema, madam."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa na chumba kimoja cha ziada kwenye nyumba ya walimu, kina kitanda tayari, angekaa kwangu mpaka amalize kidato cha nne. Nilishamwambia hata mkuu wa shule. Yule binti hakuwa mtu wa kuonyesha furaha, lakini siku ile aliniuliza kama chumba kina dirisha. Nikasema kinalo. Akauliza linaangalia wapi. Nikacheka, nikasema mashariki, atakuwa analiona jua likichomoza. Akatabasamu. Kwa hiyo najua alitaka kubaki, mtu asije akaniambia pengine hakutaka.

Baba yake alikuja Alhamisi, mwanzoni mwa Septemba, kama saa tano na dakika arobaini. Mtu mwembamba, kofia ya pama, buti za mpira, simu kwenye mfuko wa shati, na mkononi fimbo ndefu ya kuchungia wanayoiita enkoni. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika, "Marahaba, mwalimu," akaniulizia hali, akaulizia watu wa nyumbani kwetu Muleba ambao hawajui, akaulizia mvua ya kwetu. Alikuwa mtu wa adabu. Akakaa kwenye benchi nje ya ofisi, hakutaka kiti cha ndani.

"Mwalimu," akasema, "mimi sikusoma. Niliishia darasa la pili. Huyu mtoto ndiye aliyekuwa anachunga ndama zangu tangu akiwa hivi." Akashusha mkono usawa wa goti. "Nikimwacha nitakuwa nimeacha macho yangu. Sasa nionyeshe kitu alichokipata hapa ambacho kwangu asingekipata. Nikikiona, nitamwacha kwako kwa moyo mweupe."

Moyo wangu ulidunda kwa raha. Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Ningeweza kumwonyesha ule mpira wa majani. Ningemwonyesha orodha ya mawingu, au ripoti ya muhula. Lakini niliangalia saa, nikaona imebaki dakika chache iwe saa sita, anga jeupe halina hata wingu moja, na mzee ana fimbo mkononi. Nikajiona nimepewa zawadi. "Mzee," nikasema, "naomba fimbo yako. Nitakuonyesha jinsi binti yako anavyojua kusoma saa kwa jua, kisayansi."

Akanipa. Tukaenda katikati ya uwanja. Ardhi ilikuwa ngumu, nikahangaika kuichomeka, yeye akanisaidia kwa kuigongea jiwe. Darasa la kidato cha pili lilikuwa linaangalia madirishani. Kengele ya kigango cha Wakatoliki kule mlimani ikalia saa sita, nami nikaweka kijiwe pale kivuli kilipoishia, nikasema kwa sauti ya darasani, "Unaona mzee? Sasa jua liko utosini. Kivuli hiki ndicho kifupi kuliko vyote vya leo. Kuanzia sasa kitaanza kurefuka."

Mzee akakitazama kivuli. Kilikuwa kirefu kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole, na kilikuwa kinaelekea Rwanda. Akatazama juu kidogo, akapangusa uso, akarudi kukitazama.

Tukasimama. Dakika tano, kumi. Jasho linanitiririka mgongoni. Kivuli hakikurefuka. Kilikuwa kinarudi nyuma polepole kutoka kwenye kijiwe changu, kinakiacha.

"Kinapungua bado, mwalimu," mzee akasema kwa upole.

"Ni uwanja, mzee. Una mteremko."

"Ee."

Saa yangu ya mkononi sikuiamini tena, nikatoa simu nihakikishe muda. Simu ikaniambia saa tano na dakika kumi na mbili. Rwanda tena! Nikaitikisa kama kwamba kuitikisa kunasaidia, nikajikuta namweleza mzee habari za mitandao, namweleza mteremko, namweleza kwamba vitabu vyote vinasema hivyo. Maneno yalikuwa yanatoka tu. Nilisikia sauti yangu ikipanda, na najua sauti yangu ikipanda ni kwa sababu naogopa. Mzee akaitikia "ee," "ee," akiwa ameweka mikono nyuma.

Kisha akasema, "Mwite mtoto."

Nikamwita. Alitoka darasani akitembea haraka, akafika, akampigia goti baba yake, akasimama kati yetu. Hakuna aliyemweleza chochote. Aliiangalia fimbo, akakiangalia kijiwe, akakiangalia kivuli kilivyokiacha kijiwe karibu upana wa kiganja. Akaniangalia mimi. Wakati ule nilidhani anaogopa baba yake. Nilimkazia macho nikimtia moyo, nikaitikia kidogo kwa kichwa, kama mwalimu anavyomfanyia mwanafunzi anayejua jibu.

Baba yake akamwuliza kwa Kiswahili, ili nami nisikie. "Jua linakaa utosini saa ngapi?"

"Saa sita."

Mzee akamwuliza tena, safari hii kwa Kinyambo. Kihaya changu kinatosha kukielewa, maana lugha zetu ni majirani. Alimwambia, mwanangu, angalia kivuli, halafu uniambie. Hakuwa anamtisha. Alikuwa kama anamwomba.

Akajibu kwa Kiswahili, akiangalia chini. "Saa sita, baba. Madam ametufundisha."

Mzee aling'oa fimbo yake, akaipangusa udongo kwa kiganja. Nilisubiri aniambie asante mwalimu, nimeona. Jamani, nilisubiri hivyo kweli.

"Huyu nilimfundisha kivuli mimi mwenyewe," akasema. "Ng'ombe tunawapeleka majini kivuli chao kikiingia chini ya tumbo. Akiwa na miaka sita alikuwa hakosei. Nilimleta hapa anajua kuangalia. Sasa amekitazama, na kiko mbele yake, na hakioni." Akanigeukia. "Sijaja kugombana, mwalimu. Umemlea vizuri, ana heshima. Lakini kwangu mimi hii ni hasara."

Ningesema nini, na mimi bado nilikuwa naamini kwamba mimi ndiye niliyesema kweli na uwanja ndio mbovu? Nilimwona mzee mkaidi, mtu wa kale asiyetaka sayansi. Nilimkasirikia. Na huku nimekasirika, binti aliingia darasani, akatoka na mfuko wake, akaja mpaka kwangu, akapiga goti kwenye vumbi. "Kwaheri, madam." Nikamjibu kwaheri. Wakaondoka, baba mbele, yeye nyuma, wakateremka bondeni.

Mwalimu mwenzangu wa hisabati alinikuta nimesimama pale pale uwanjani. Huwa ananitania kwamba nikikosea tarehe, kalenda ndiyo itakayobadilishwa. Safari hii hakunitania. Aliniuliza tu, "Madam, unafanya nini juani?" Nikamwambia napima mteremko. Nilikwenda nikachukua mpini wa jembe, nikauchomeka kwenye shimo lile lile, nikaanza kuweka kijiwe kila baada ya dakika chache, kwa hasira, ili nithibitishe. Kivuli kikapungua. Kikapungua. Kikageuka taratibu kutoka upande wa Rwanda mpaka kikaelekea kusini, na hapo kikawa kifupi kabisa, kisha kikaanza kurefuka upande wa pili. Saa yangu ya mkononi ilikuwa inasema saa saba kasoro dakika nne.

Nilikwenda ofisini, nikatafuta daftari lake kwenye rundo. Jedwali, mkasi wangu, "saa sita" yake ya woga, tiki yangu. Nikageuza ukurasa ambao sikuwa nimeugeuza.

Alikuwa amepiga hesabu. Saa yetu ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata nyuzi arobaini na tano mashariki. Isingiro iko kama nyuzi thelathini na moja. Arobaini na tano toa thelathini na moja ni kumi na nne. Kumi na nne mara dakika nne ni hamsini na sita. Kwa hiyo jua letu linachelewa dakika hamsini na sita, na kivuli kifupi si saa sita, ni saa saba kasoro dakika nne. Yote kwa Kiingereza cha shule, sentensi fupi fupi, na chini amepiga mistari miwili kama nilivyowafundisha kupigia jibu la mwisho. Ni ile ile hesabu ya Accra na Tokyo. Aliichukua akaileta nyumbani, kitu ambacho mimi mwalimu wake sikuwahi kukifanya, nami nikampigia mkasi bila kusoma.

Kwa hiyo alijua. Pale uwanjani alijua, alikuwa amejua wiki nzima, na alikuwa na jibu ambalo baba yake alikuwa anamsihi alitoe. Angelitoa, angelala kwenye chumba chenye dirisha. Lakini angelitoa mbele ya darasa zima lililokuwa madirishani, na mimi nimesimama pale na kijiwe changu. Akaona bora anistiri.

Nilitoka mbio mpaka ukingo wa bonde, mtu mzima na sketi yangu, nikaita. Hakukuwa na mtu. Namba ya simu ya mzee ilikuwepo kwenye rejista, nikapiga, haipatikani. Nikapiga mpaka chaji ikaisha. Mkuu wa shule aliposikia akasema, "Wafugaji, madam, unawajua," akarudi kwenye karatasi zake. Nikamjibu vibaya, sitarudia hapa nilichosema, lakini kumjibu vibaya hakukumrudisha mtu.

Jumamosi nilikodi bodaboda nikaenda kwao. Nilikuta zizi tupu, samadi bado mbichi, na mahali pa moto pamefunikwa udongo vizuri. Mama mmoja jirani, anayelima maharage pembeni, aliniambia waliondoka jana yake alfajiri. Nilimwuliza kama binti aliacha ujumbe. Akanishangaa. "Ujumbe wa nini, waitu, ndugu yangu?"

Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, akaandika barua kwa mwenzake wa Nyakakika, kwamba mwanafunzi amekatishwa masomo. Barua ilikwenda. Likizo ya Desemba nilikwenda mwenyewe mpaka Nyakakika, nikazunguka siku mbili kwenye senta na kwenye malambo ya kunyweshea, naulizia familia yenye binti mrefu. Walipita, wakaniambia. Walikaa wiki tatu, mvua zikaanza, wakaendelea. Wapi? Mmoja akaonyesha kusini, mwingine mashariki. Nilikaa kwenye benchi la duka la soda nikashika tama. Sikuwa na la kufanya zaidi, na mimi ni mtu nisiyejua kukaa bila la kufanya.

Mwaka uliofuata niliwafundisha kidato cha pili wapya hesabu ya Isingiro kabla ya Accra. Nikawapa kazi ya kijiti. Jumatatu wakaleta madaftari, na wote, kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, waliandika saa saba kasoro dakika nne. Nilifurahi mpaka nilipokumbuka kwamba Jumamosi ile mvua ilinyesha kutwa na jua halikuonekana kabisa. Walikuwa wamesikia kwa wakubwa zao jibu ambalo madam analitaka. Nikaweka kalamu chini, nikatoka nje.

Daftari lake nililileta nyumbani, nikaliweka kwenye kabati la chumba kile chenye dirisha. Mara kadhaa nililifungua nikitaka kusahihisha ule mkasi. Nilishindwa. Niliona aibu, niseme kweli. Niliona nikiufuta nitakuwa nimejisafisha mwenyewe, na hakuna wa kumrudishia. Nikawa nalifunga.

Kisha mwaka huu, Jumapili moja baada ya ibada, simu ikaita, namba nisiyoijua. Nikapokea.

"Shikamoo, madam."

Nilimtambua kwa neno la kwanza. Nikaanza kulia kabla ya kuitikia marahaba. Nikamwuliza yuko wapi, akataja mahali nisipopajua, akasema simu ni ya mtu, chaji ni kidogo. Nikamwuliza kama anasoma. "Hapana, madam. Niko na ndama." Alisema kwa sauti ya kawaida tu.

Nikamwambia, "Sikiliza. Ulikuwa sahihi. Dakika hamsini na sita. Mimi ndiye niliyekosea, sikugeuza ukurasa."

"Najua, madam."

"Kwa nini hukumwambia baba yako?"

Nilisikia ng'ombe, na upepo ukigonga kwenye simu. "Ulikuwa umeshasema mbele ya watu," akasema.

Halafu akauliza, kwa haraka kwa sababu ya chaji, kitu ambacho nadhani ndicho alichopigia simu. "Madam, ile hesabu uliisahihisha?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Nilisahihisha zamani. Nimekupa alama zote."

"Asante, madam," akasema, na nikasikia anatabasamu. Kisha simu ikakatika. Nilipiga tena, haipatikani.

Nikaingia kwenye kile chumba, nikafungua kabati, nikalitoa daftari, nikaanza kutafuta kalamu.